Raia, mwenyeji, mgeni: maneno ya somo la uraia katika darasa la Kibabi

Katika shule za sekondari za Masisi, somo la elimu ya uraia na maadili hufundishwa kwa lugha mbili, ingawa ratiba haisemi hivyo. Ubaoni mwalimu huandika Kifaransa: kichwa cha somo, maana ya neno, mifano miwili, zoezi. Wanafunzi hunakili. Kisha mwalimu huweka chaki chini na kusema, "Sasa tuseme kwa Kiswahili." Hapo ndipo vichwa huinuka. Yaliyo daftarini ni ya mtihani. Mtoto anayoyapeleka nyumbani ni yale yaliyosemwa baada ya chaki kuwekwa chini.

Makala haya yanahusu hayo ya pili. Hoja yangu ni kwamba, katika darasa lenye watoto wa jamii mbalimbali, mwalimu wa uraia hawezi kutumia maneno raia, mwenyeji na mgeni kama tafsiri tupu za Kifaransa. Kila moja lina historia yake, na katika vilima hivi kila moja limewahi kumuumiza mtu. Maneno hayo yafundishwe yenyewe kwanza, ndipo sheria ifuate. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha, yaani sisi.

Kibabi iko katika teritware ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Darasa la huko huwa na watoto wanaosema Kihunde nyumbani, wengine Kinyarwanda, wengine Kitembo. Ukielekea Walikale utakuta pia Kinyanga na Kikano. Wapo waliozaliwa kilimani hapohapo, na wapo waliofika juzi na godoro kichwani kwa sababu ya vita. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili: ya sokoni, ya kanisani, ya barabarani. Hakuna jamii ya huko inayodai kwamba Kiswahili ni chake peke yake, na hiyo ni bahati kubwa kwa mwalimu. Lakini lugha isiyo ya mtu haikosi kubeba mambo ya watu.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa mada ya kuishi pamoja katika tofauti. Nilikuwa nimesoma kwamba mwalimu mzuri huonyesha tofauti za darasa kama utajiri, basi nikamwomba kila mwanafunzi aseme kabila lake na jambo moja zuri la utamaduni wake. Wawili wa mbele walijibu. Wa tatu alitazama dirishani. Wa nne akasema, "Mimi ni Mkongomani tu, mwalimu," na darasa zima likanyamaza. (Kwanza walikuwa wamecheka, kama wanavyocheka kila mara, kwa kuwa neno kabila ni pia jina la marais wawili.) Nilielewa baadaye kwamba nilikuwa nimewauliza swali ambalo, njiani kurudi nyumbani, huulizwa na mtu mwenye bunduki. Nami nililiuliza kwa tabasamu, nikiwa na chaki mkononi.

Mwisho wa kipindi msichana mmoja alinifuata mlangoni: "Mwalimu, raia na mwenyeji ni kitu kimoja? Juu banasema tuko raia, lakini hatuko benyeji." Nilimjibu haraka kwamba ni kitu kimoja. Nilikuwa nimekosea tena.

Tulichukue raia. Neno lina asili ya Kiarabu, na katika asili hiyo linahusiana na kuchunga: raia ni kundi lililo chini ya mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Kiswahili sanifu cha leo kimelipandisha cheo likawa jina la mtu mwenye haki na wajibu katika nchi. Kivu haikulipandisha hadi huko. Waombe wanafunzi watunge sentensi zenye neno raia, bila kuwapa mfano wowote, utaona wanachokijua: askari walipita, raia wakakimbia, raia waliitwa salongo, huyu si askari, ni raia tu. Hilo "tu" ndilo la kuangaliwa. Raia wa sentensi hizo anatambulikana kwa kile asicho nacho: hana silaha, hana cheo, hayumo katika Leta. Na Leta yenyewe, neno tulilolifinyanga kutokana na Kifaransa, ni kitu kilicho nje ya raia, kinachokuja kijijini na kuondoka. Basi mwalimu anaposema kwamba raia ndiye mwenye mamlaka katika jamhuri, nusu ya darasa inasikia kinyume kinachochekesha. Hawajashindwa kuelewa somo. Wameelewa Kiswahili chao.

Mwenyeji ni neno la ajabu zaidi. Mara nyingi huchambuliwa kama mwenye mji, na uchambuzi huo unaingiliana vizuri na mwenyewe, mwenye nyumba, mwenye shamba. Sasa litazame neno la Kifaransa lililo ubaoni, citoyen: nalo limetokana na cité, mji. Kwa umbo, basi, neno la Kiswahili lililo karibu kuliko yote na citoyen si raia, ni mwenyeji. Lakini matumizi yalichukua njia nyingine. Mwenyeji amekuwa yule anayepokea, na kwa hiyo yule aliyetangulia. Hawezi kusimama bila mgeni upande wa pili. Huko Masisi neno hilo ndilo linalotumika pale Kifaransa cha siasa kinaposema autochtone. Msichana wa mlangoni alikuwa anajua semantiki kuliko mimi: raia na mwenyeji si kitu kimoja, na familia yake ilikuwa inaishi katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo mawili.

Kinyarwanda kinaongeza sura ya tatu. Umuturage, neno linalotumika kwa mwananchi wa kawaida, linatokana na gutura, kukaa mahali, kufanya makao. Kwa hiyo katika darasa moja kuna maneno matatu yenye mawazo matatu: anayechungwa, mwenye mji, aliyefanya makao. Kihunde, Kitembo na Kinyanga nazo zina yao, na hapa mwalimu asijifanye anajua. Awatume wanafunzi kwa wazee, warudi na neno na sentensi moja ambamo mzee amelitumia. Zoezi hilo lina faida ambayo sikuitarajia. Mtoto haulizwi yeye ni nani. Anaulizwa neno lasemwaje kwao. Anasimama mbele kama mtaalamu wa lugha yake, wala si kama mtuhumiwa.

Sasa somo lenyewe, kama ninavyolifundisha siku hizi, vipindi vitatu, darasa la nane. Ubaoni naandika methali ambayo wote wanaijua: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chini yake swali: Siku ya nne anaitwaje?

Nawagawa kwa kuhesabu, moja hadi tano, halafu moja wakae pamoja, mbili pamoja, na kuendelea. Kugawa huku ni kwa kawaida kabisa lakini ni muhimu: ukiwaacha wachague wenyewe, watajigawa kwa kilima na kwa lugha, na utakuwa na mabunge matano yasiyosikilizana. Majibu huja ya namna nyingi. Anaitwa jirani. Anaitwa mfanyakazi. Anaitwa mgeni mpaka aage. Ikiwa ameoa hapa, anaitwa mkwe, na watoto wake wanaitwa wajomba. Kundi moja liliandika: "Itategemea shamba alilolima ni la nani." Hilo jibu la mwisho lilichukua dakika zote zilizobaki, na nililiacha lichukue. Maana jembe si shamba. Methali inasema mpe jembe. Haisemi mpe ardhi, haisemi mpe jina, wala haisemi baada ya jembe nani atamwita nini.

Kipindi cha pili nauliza: katika methali hii kuna watu wangapi? Wawili, wanasema. Katika Masisi je? Hapo naeleza historia kwa ufupi. Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulianzisha Mission d'Immigration des Banyarwanda, na hadi 1955 makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kutoka Rwanda hadi katika vilima hivi, wengi wao ili wapatikane watu wa kufanya kazi katika mashamba makubwa na ili kupunguza msongamano kule walikotoka. Watu wengine wasemao Kinyarwanda, hasa upande wa Rutshuru, walikuwa mahali pao kabla mipaka ya wakoloni haijachorwa. Kwa hiyo kuna mtu wa tatu ambaye methali haimjui: aliyemleta mgeni, akakata ardhi ya mwenyeji, kisha akaondoka 1960. Mgeni hakubisha hodi, na mwenyeji hakuulizwa kama ana nafasi. Nimeona nyuso za wanafunzi zikibadilika hapa, za pande zote. Mtoto wa Kihunde anasikia kwamba uchungu wa babu yake kuhusu ardhi una sababu inayoandikwa katika vitabu. Mtoto msema Kinyarwanda anasikia kwamba babu yake hakuja kama mwizi. Mambo hayo mawili yanaweza kusemwa katika kipindi kimoja, na mwalimu asiseme moja akaacha jingine kwa kuwa muda umekwisha. Afadhali asianze.

Sianzi na vita. Vita vya 1993, vilivyoanzia soko la Ntoto huko Walikale, vinajulikana katika kila nyumba, lakini vinajulikana kwa namna nyingi mno. Ukivifungua kabla ya maneno kutengenezwa, somo linakuwa kesi.

Kipindi cha tatu ndicho cha sheria, na sasa maneno yako tayari kuibeba. Naandika miaka: 1885, 1908, 1950, 1960. Halafu nabuni familia. Babu alifika kilimani 1938. Binti yake alizaliwa hapo 1952, mjukuu 1979, kitukuu 2011. Swali: kwa kila sheria, je, familia hii ni ya raia wa nchi?

Katiba ya 1964 ilimtaka mtu awe na mzazi au babu wa kabila lililokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Hapana. Amri ya 1971 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo tarehe 30 Juni 1960. Ndiyo. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ilirudisha mpaka huo nyuma hadi tarehe 1 Januari 1950 kwa waliokuwa wamekaa Kivu. Ndiyo bado, kwa kuwa babu alifika 1938. Sheria ya 1981 ilifuta hayo na kurudi hadi tarehe 1 Agosti 1885. Hapana. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, na baadaye Katiba ya 2006 katika kifungu cha 10, zinaangalia makundi ambayo watu wake na ardhi yao viliunda nchi iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Jinsi wengi wanavyoisoma, ndiyo. Na ubishi unaobaki ni kuhusu kundi lipi linahesabiwa humo.

Hapana, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Familia haijahama kilima. Mwanafunzi mmoja alilitazama jibu lake akauliza kama binti wa 1952, siku sheria ya 1981 ilipotoka, aliamka asubuhi akijua. Sikuwa na jibu, ila nilimwambia swali lake ni la kisheria kweli: mtu huambiwaje kwamba amebadilika?

Kwa mfano huo darasa linapata lenyewe tofauti niliyoikosa mlangoni. Raia, katika somo hili, ni neno la sheria: linajibu swali la ni nchi gani inayokutambua. Sheria iliandikwa na watu, ikabadilishwa na watu. Mwenyeji ni neno la mahali na kumbukumbu: linajibu nani alimkuta nani, nani anajua jina la zamani la mto. Mtu anaweza kuwa raia kamili bila kuwa mwenyeji, kama Mluba wa Kasai anayeuza vitambaa Goma. Katiba haimhitaji awe mwenyeji: kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au lugha, katika elimu kwanza kabisa, na kifungu cha 30 kinaruhusu kuishi popote nchini. Wala Mhunde hapokonywi uenyeji wake kwa sababu jirani yake ni raia sawa naye. Nasisitiza hili la pili, kwa kuwa vitabu vingi vya amani huwa na haraka ya kumwambia mwenyeji asahau. Hasahau, anaacha tu kusema mbele ya mwalimu.

Kuhusu ardhi napita kwa haraka, maana mjadala wake ni wa kitivo kingine. Wanafunzi hushangaa tu kusikia kwamba kwa sheria ya 1973 ardhi yote ni mali ya Leta. Yaani mwenyeji wa kisheria wa kila shamba la Kibabi ni yule mtu wa tatu, au mrithi wake.

Kuna neno jingine ambalo sikulipanga na ambalo limenilazimisha. Programu ina mada ya patriotisme, na kamusi inatupa uzalendo. Miaka michache iliyopita hilo lilikuwa neno safi, la hotuba na la shairi. Tangu vita vya M23 virudi mwishoni mwa 2021, Wazalendo limekuwa jina la makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali. Ukiandika uzalendo ubaoni katika eneo ambalo barabara imebadilisha mikono zaidi ya mara moja, hujaandika fadhila, umeandika upande. Mtoto mwenye kaka huko msituni atainua kichwa, mtoto aliyekimbizwa atakiinamisha, na anayepita nje ya dirisha anaweza kusoma ubao. Ninachofanya ni kusema kwa maneno mapana: kupenda nchi, kutunza kilicho cha wote. Wenzangu wengine wanaona huku ni kukimbia. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba tukiacha kila neno lililotekwa, tutabaki bila lugha. Ana haki, kwa upande wake. Lakini yeye hufundisha mjini, na mimi nafikiri mwalimu wa kijijini ana haki ya kungoja neno lirudi.

Je, hatuwezi kuchukua vitabu vya Tanzania, ambavyo vimeandikwa kwa Kiswahili kizuri? Huko somo lenyewe liliitwa Elimu ya Siasa enzi za Ujamaa, kisha Uraia, na katika shule za msingi Uraia na Maadili. Msamiati wake unasaidia sana kwa mambo kama bunge, mhimili na kodi. Lakini neno lake kuu, mwananchi, halisafiri vizuri. Tanzania lilipata maana pana kupitia siasa za nchi nzima. Masisi, wanafunzi wangu walilipasua mara moja: mwana wa inchi. Mwana anayezaliwa na ardhi. Tukarudi tena kwa mwenyeji kupitia mlango wa nyuma. Ndiyo maana naona Paulo Freire alikuwa sahihi alipofundisha kusoma huko Angicos, Brazili, 1963, kwa kuanzia na maneno ya wakulima wenyewe: neno la kujadiliwa halitoki katika kitabu cha jirani, hata kama jirani anasema lugha yako.

Upungufu wa njia hii naujua. Inakula vipindi vitatu mahali ambapo programu inatoa kimoja. Inamtaka mwalimu ajue sheria tano, na sheria hizo nilizipata kwa Kifaransa, ingawa kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali ieneze kila sheria katika lugha zote nne za taifa ndani ya siku sitini. Tafsiri niliyotumia darasani niliifanya mwenyewe usiku, kwa tochi ya simu, na nilipofika kwenye groupes ethniques niliandika makabila, nikafuta, nikaandika jamii, nikafuta, nikaandika makundi. Bado sijaridhika. Kama kuna mwanafunzi wa tafsiri katika kitivo hiki anayetafuta kazi ya mwisho wa masomo, kifungu cha 6 cha sheria ya 2004 kinamngoja. Kina mistari michache tu.

Mtihani nao haujabadilika. Swali litaulizwa kwa Kifaransa, nani ni raia wa Kongo, na jibu linalotakiwa ni sentensi moja. Yule msichana aliliandika bila kosa. Chini yake, mahali ambapo hapana alama, aliongeza kwa Kiswahili: "Siku ya nne anaitwa kwa jina lake."